Kuhesabu karata katika blackjack: inavyofanya kazi mezani, na kwa nini haikusaidii kwenye simu

Katika wiki za karibuni tumepokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wasikilizaji kadhaa. Mmoja aliandika hivi: kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anauza jedwali la kuhesabu karata kwa shilingi 30,000. Anasema ni hesabu ya wasomi wa Marekani, na ukiifuata huwezi kuliwa kwenye blackjack ya simu. Msikilizaji wetu ametenga pesa ya mbolea, na anatuuliza kama hesabu hiyo ni ya kweli au ni karata tatu za stendi zilizohamia kwenye simu.

Hewani tulimjibu kwa dakika mbili tu, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Tuliahidi kuandika maelezo marefu hapa, na haya ndiyo maelezo yenyewe. Kwa kifupi, hesabu hiyo ni ya kweli na imejulikana kwa zaidi ya miaka 60. Lakini inahitaji jambo moja ambalo blackjack ya kwenye simu kwa kawaida haina. Ukilielewa jambo hilo, hutahitaji kumuuliza mtu tena.

Mchezo wenyewe

Kwa wale wasioujua, blackjack huchezwa kati ya mchezaji na mgawaji wa kasino. Kila mmoja anapata karata mbili. Anayeshinda ni mwenye jumla iliyo karibu zaidi na 21 bila kuivuka. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba zake. Jeki, Kwini na Kingi kila moja ni 10. Ree, yaani ile yenye herufi A, inaweza kuwa 1 au 11.

Ukipata Ree pamoja na karata ya kumi mara moja, hiyo ndiyo blackjack, na kwa kanuni ya zamani unalipwa mara moja na nusu ya dau lako.

Karata moja ya mgawaji huwa wazi. Wewe ukiangalia zako na ile ya wazi, unaamua: kuongeza karata, kutulia na ulizonazo, au kuongeza dau mara mbili na kupewa karata moja tu. Ukipewa karata mbili zinazofanana unaweza kuzitenganisha ziwe mikono miwili. Mgawaji hana uhuru huo. Akiwa na 16 au chini lazima aongeze, na akifika 17 anasimama.

Mchezaji akivuka 21 anapoteza papo hapo, hata kama baadaye mgawaji naye atavuka. Hapo ndipo kasino inapopatia faida yake.

Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliokuwa jeshini, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha hesabu ya uamuzi bora kwa kila hali. Waliifanya kwa mashine za kawaida za kujumlisha. Hesabu hiyo, baada ya kuboreshwa, ndiyo wachezaji wanaita kanuni ya msingi. Anayeifuata bila kosa, kwenye meza yenye masharti mazuri, bado anaachwa nyuma na kasino kwa karibu nusu shilingi katika kila shilingi 100 anazoweka. Ni kidogo, lakini ni hasara.

Debe la maharage

Sasa chukua debe lenye punje 20 za maharage mekundu na 20 meupe, ukiwa umefumba macho. Ukichomoa punje moja, nafasi ya kupata nyekundu ni nusu kwa nusu. Umechomoa punje 10 na kuziweka pembeni: 8 nyeupe, 2 nyekundu. Ndani ya debe zimebaki nyekundu 18 na nyeupe 12. Nafasi ya nyekundu sasa ni 18 kati ya 30, yaani 60 kati ya 100. Hujaona kilichomo ndani ya debe. Umekumbuka tu kilichotoka.

Wanaocheza karata barazani wanalijua hili. Mchezaji mzuri ni yule anayekumbuka zilizokwisha kutoka, kwa hiyo anajua mwenzake amebaki na nini.

Lakini kama kila punje ukiitoa unairudisha na kulitikisa debe, kumbukumbu yako haina thamani. Kila mara unaanza upya, nusu kwa nusu. Tafadhali lishike hili la kurudisha na kutikisa, tutalirudia.

Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alisoma kazi ya wale wanne akaona kwamba blackjack ni debe lisilorudishiwa punje. Karata zilizotumika huwekwa pembeni mpaka mgawaji atakapochanga upya. Alitumia kompyuta kubwa ya IBM katika chuo cha MIT kupima nini kinatokea kila aina ya karata inapopungua. Mwaka 1961 alikwenda Nevada na dola 10,000 za watu waliomdhamini, na pesa hiyo ikazidi mara mbili. Mwaka 1962 alichapisha kitabu chake, Beat the Dealer.

Alichogundua ni hiki. Karata ndogo, za 2 hadi 6, zikiwa zimetoka kwa wingi, zilizobaki zinamfaa mchezaji. Zimebaki za kumi na Ree nyingi. Blackjack zinatoka mara nyingi zaidi, na ingawa mgawaji naye anazipata, yeye halipwi nyongeza ya nusu. Tena mgawaji akiwa na 12 hadi 16 analazimika kuongeza, na karata kubwa zikiwa nyingi anavuka mara nyingi zaidi. Karata kubwa zikitoka mapema, mambo yanageuka na kasino inanufaika.

Hesabu inafanywaje

Mtindo unaotumika zaidi unaitwa Hi-Lo. Hauhitaji kukumbuka karata moja moja. Unabeba namba moja tu kichwani:

– Ikitoka 2, 3, 4, 5 au 6, ongeza 1.
– Ikitoka 7, 8 au 9, usibadili kitu.
– Ikitoka 10, Jeki, Kwini, Kingi au Ree, punguza 1.

Pakiti moja ina karata 52. Za kuongeza ni 20, za kupunguza ni 20, kwa hiyo pakiti nzima ikiisha unarudi kwenye 0. Ukiwa juu ya 0, zilizobaki zina kubwa nyingi. Ukiwa chini ya 0, zina ndogo nyingi.

Kuna hatua ya pili. Kasino nyingi zinachanganya pakiti 6 au 8 pamoja. Hesabu ya +6 huku zikibaki pakiti 6 si sawa na +6 ikibaki pakiti moja, kama vile chumvi kijiko kimoja haionji sawa kwenye sufuria ya familia na kwenye sufuria ya msiba. Kwa hiyo unagawa hesabu yako ghafi kwa idadi ya pakiti zilizobaki. +6 ukigawa kwa 6 ni +1. Ukigawa kwa 3 ni +2. Ikibaki pakiti moja ni +6. Hiyo ndiyo hesabu halisi, na uamuzi unafuata hiyo.

Kubadili uamuzi

Jedwali linalouzwa kwenye simu linahusu sehemu hii. Kanuni ya msingi inachukulia kwamba hujui chochote kuhusu karata zilizotoka. Ukishajua, baadhi ya majibu yake yanabadilika. Tunasema baadhi, kwa sababu maamuzi mengi hayabadiliki hata kidogo. Ukiwa na jumla ya 5 unaongeza tu, kwa kuwa karata moja haiwezi kukuvusha. Yanayobadilika ni yale yaliyokuwa yamekaa kwenye mizani, ambapo kuongeza na kutulia vinakaribiana sana.

Mfano mzuri ni huu: una 16, mgawaji anaonyesha karata ya kumi. Ni hali mbaya kuliko karibu zote. Ukiongeza, aina 5 za karata zinakuacha salama, Ree, 2, 3, 4 na 5, na aina 8 zinakuvusha. Ukitulia, unategemea mgawaji avuke, na akiwa na karata ya kumi hilo hutokea kidogo zaidi ya mara 1 kati ya 5. Njia zote mbili zinakula pesa yako, na tofauti kati yake haifiki shilingi 1 katika kila shilingi 100.

Kwa sababu tofauti ni ndogo hivyo, uzito kidogo tu unageuza mizani. Kanuni ya msingi inasema ongeza. Lakini karata ndogo zikiwa zimetoka nyingi kuliko kubwa, yaani hesabu ikiwa juu ya 0, zile 2, 3, 4 na 5 ulizozihitaji zimepungua. Basi unatulia.

Mwaka 1986 Mmarekani Don Schlesinger alipanga maamuzi ya namna hii kwa thamani yake na kuonyesha kwamba 18 tu ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya faida. Haya ni baadhi yake, kwa hesabu halisi:

– Una 15, mgawaji ana 10: kwa kawaida ongeza. Hesabu ikifika +4, tulia.
– Una 12, mgawaji ana 3: kwa kawaida ongeza. Hesabu ikifika +2, tulia. Kinachoivusha 12 ni karata ya kumi, na sasa za kumi ni nyingi.
– Una 12, mgawaji ana 2: hivyohivyo, ila subiri +3.
– Una 13, mgawaji ana 2: kwa kawaida tulia. Hesabu ikishuka hadi -1 au chini zaidi, ongeza, kwa sababu za kumi zimepungua na huogopi sana kuvuka.
– Una 10, mgawaji ana 10: kwa kawaida ongeza karata bila kugusa dau. Hesabu ikifika +4, ongeza dau mara mbili.

Umeona kwamba hesabu haikuambii karata gani inakuja? Inakuambia tu upande upi wa mizani umeongezeka uzito. Mtu anayekuambia anaijua karata inayofuata hahesabu karata. Anakudanganya.

Bima, mfano unaoeleweka kwa shilingi

Katika yote 18, lililo la kwanza kwa thamani ni bima. Mgawaji akionyesha Ree, anakuuliza kama unataka kuweka dau la pembeni kwamba karata yake iliyofunikwa ni ya kumi. Ukipatia, unalipwa mara mbili. Jina ni zuri, lakini hakuna kinachokatiwa bima. Ni dau jingine tu.

Karata 16 kati ya 52 ni za kumi, karibu 31 kati ya 100. Ukikata bima ya shilingi 1,000 mara 100, utapatia kama mara 31 na kulipwa 62,000. Utakosa mara 69 na kupoteza 69,000. Umebaki na hasara ya 7,000. Ndiyo maana kanuni ya msingi inasema usikate bima kamwe.

Sasa tuseme meza inatumia pakiti moja. Zimeonekana karata 12, pamoja na zako na ile Ree ya mgawaji, na hakuna ya kumi hata moja. Zimebaki 40, na zote 16 za kumi bado zimo. Hiyo ni 40 kati ya 100. Bima ileile mara 100 inakulipa 80,000 na kukugharimu 60,000. Faida ni 20,000.

Dau ni lile lile na malipo ni yale yale. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa karata zilizobaki. Bima inaanza kulipa za kumi zikizidi theluthi moja ya zilizobaki, na kwa Hi-Lo hiyo ni karibu hesabu halisi ya +3.

Faida yenyewe ni kiasi gani

Hapa wauzaji wa majedwali hunyamaza. Kubadili maamuzi peke yake, kwenye meza ya pakiti nyingi, kunaongeza kidogo. Faida kubwa ya mhesabuji inatokana na kuweka dau dogo hesabu ikiwa chini na dau kubwa ikiwa juu. Akifanya yote hayo bila kosa, anaweza kuipita kasino kwa karibu shilingi 1 katika kila 100.

Tupige hesabu. Mtu ana faida hiyo ya 1 kwa 100 na anacheza mikono 1,000 kwa dau la shilingi 1,000. Kwa wastani atapata 10,000. Lakini bahati ya karata inaweza kumpeleka juu au chini ya hapo kwa makumi ya maelfu. Watu 10 wakicheza hivyo, wote bila kosa, wapatao 4 watakuwa bado na hasara mwishoni. Hawa ni wale wanaojua. Ndiyo maana wahesabuji wa kweli walikuwa na mtaji mkubwa, mara nyingi wa wadhamini, na walicheza kama kikundi kwa miezi mingi. Mtaji huo haukuwa pesa ya mbolea wala ada ya mtoto.

Kasino nazo hazikulala

Nevada hadi leo kuhesabu kwa kichwa si kosa la jinai, ila kutumia kifaa kukusaidia kuhesabu ni kosa tangu mwaka 1985. Hata hivyo kasino inaweza kukuambia hutaruhusiwa kucheza tena. Jimbo la New Jersey lina msimamo tofauti: mwaka 1982 mchezaji Ken Uston alishinda kesi kwenye mahakama ya juu ya jimbo, ikaamuliwa kwamba kasino haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu.

Kasino zikatafuta dawa nyingine. Zilichanganya pakiti nyingi. Zilianza kuchanga upya mapema, kabla hesabu haijapanda. Zilileta mashine zinazochanga bila kupumzika, karata zilizotumika zikirudishwa humo humo. Meza nyingi zilipunguza malipo ya blackjack: kwa dau la 10,000, badala ya kulipwa 15,000 unalipwa 12,000. Badiliko hilo moja linaongeza faida ya kasino kwa zaidi ya shilingi 1 katika kila 100, yaani linameza kazi yote ya mhesabuji.

Na kwenye simu?

Turudi kwenye debe. Blackjack ya kawaida ya simu haina mgawaji wala karata. Ni programu ya kompyuta inayochagua karata kwa bahati nasibu, na kwa kawaida inachanga upya kila mkono unapoanza. Punje zimerudishwa na debe limetikiswa. Hata ukiwa na kumbukumbu ya Thorp mwenyewe, hesabu yako inaanza kwenye 0 kila mara, na uamuzi bora ni ule wa kanuni ya msingi, ambao tumeona una hasara ndogo ya kudumu.

Kuna michezo mingine inayoonyesha mgawaji wa kweli kwa video. Hapo karata ni za kweli, lakini mara nyingi ni pakiti 8, na huchangwa upya zikiwa zimetumika kama nusu. Hesabu halisi haipati nafasi ya kupanda mara nyingi. Wewe unalipia bando kusubiri kitu ambacho hakiji.

Kwa hiyo mtu anayekuuzia jedwali kwa ajili ya blackjack ya simu anakuuzia ramani sahihi ya mji mwingine. Namba zake zinaweza kuwa sawa kabisa na hizi tulizoandika hapa bure. Tatizo ni kwamba barabara hizo hazipo unakokwenda.

Kabla hujatuma pesa

Ukiletewa mfumo wowote wa kushinda kasino, muulize mwenye mfumo maswali matatu:

1. Karata zilizotumika zinarudishwa lini? Kama zinarudishwa kila mkono, hakuna cha kuhesabu.
2. Faida ni shilingi ngapi kwa kila 100, na nahitaji mtaji gani kuvumilia siku mbaya? Anayesema hutapoteza hajui hesabu, au anaijua na anakuficha.
3. Kama unaingiza pesa, kwa nini unahitaji 30,000 yangu?

Hapa Tanzania michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mtu mzima anayecheza kwa kujifurahisha, na kwa pesa ambayo hata ikipotea nyumbani watakula, ana haki yake. Lakini asiite kazi.

Yule msikilizaji wetu alitupigia tena tulipokuwa tunamalizia makala hii. Tulimsomea sehemu ya debe la maharage. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo kwenye simu debe linatikiswa kila mara?" Tukamwambia ndiyo. Akasema jioni hiyo anapita duka la pembejeo kabla halijafungwa.

Kama una swali lingine kuhusu makala hii, tutumie ujumbe kwa namba yetu ya kawaida ya kipindi, nasi tutalijibu hewani. Mwenye jirani asiye na bando, msomee.